Upande Nisiouandika

Jeshini nilipewa kazi ya redio kwa sababu ya mwandiko wangu. Shabaha sikuwa nayo, na mbio nilikimbia kama watu wengine tu, lakini siku ya kugawanywa vitengo afande mmoja alitupa karatasi tuandike majina ya wazazi wetu. Alipofika kwangu aliishika ile karatasi kwa muda. Akauliza nani alinifundisha kuandika. Nikamjibu ni mama, aliyeishia darasa la nne. Akacheka, akanitoa kwenye mstari wa bunduki na kunipeleka kwenye redio. Kwa miaka mingi nilijiona mtu wa maana kwa sababu hiyo peke yake. Nikiukumbuka uso wangu wa siku zile natamani kuuzaba kofi.

Mdogo wangu alibaki na bunduki. Tuliandikishwa siku moja, tukiwa tumesimama mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo namba zetu za jeshi zilifuatana. Yake iliishia na tatu, yangu na nne. Alipenda kunitania kwamba mimi ni kaka nyumbani tu, serikalini yeye ndiye mkubwa.

Tulizaliwa kambini. Baba alikuwa askari kutoka mbali, kaskazini mwa nchi, na mama ni Mkonzo wa Maliba, chini ya mlima. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza ila Kiswahili cha kambi, ndicho kikawa cha nyumbani kwetu mpaka leo. Baba alihamishwa, akaoa huko alikohamishiwa, na sisi tukawa tumestaafishwa bila barua. Mama alirudi Maliba. Ndugu zake wakamkatia kipande cha migomba na kahawa, naye akakaa hapo akiwalea wanaume wawili ambao waliona hakuna kazi nyingine duniani isipokuwa ile iliyomchukua baba yao.

Lazima nieleze jambo moja la wilaya yetu, kwa sababu mtu wa mahali pengine hawezi kufanya kosa nililofanya mimi. Ikweta inapita kwetu. Ukitoka Kasese kuelekea mbugani utaikuta imejengewa duara mbili za saruji kando ya barabara, watalii wanasimama katikati na kupigwa picha. Kasese, Maliba na Bwera ziko kaskazini ya mstari. Mweya na Katwe ziko kusini. Mtu wa Gulu, mbali kaskazini mwa nchi, hana haja ya kuulizwa yuko upande gani, hakuna siku anayoamka na kujikuta upande wa pili. Sisi tunauvuka kwa bodaboda tukienda kununua samaki. Na kwenye vipimo vya ramani, ukiwa dakika tano za ramani, si za saa, juu ya mstari au dakika tano chini yake, tarakimu ni zilezile. Tofauti ni neno moja, kaskazini au kusini, na kati ya sehemu hizo mbili kuna mwendo wa kilomita kama kumi na nane.

Batalioni yetu ilikuwa inapigana na waasi mlimani. Doria zote, kambi zote, kila shimo tulilochimba, vyote vilikuwa kaskazini. Fomu ya ripoti ilitengenezwa palepale chumba cha operesheni, na sajini aliyenifundisha kazi hakuweka nafasi ya kuandika upande. Nilimuuliza siku ya kwanza.

“Upande ya nini?” alisema. “Sisi yote iko juu. Unataka kumaliza wino ya serikali?”

Tukacheka. Na mimi, baada ya miezi michache, nikawa nawafundisha hivyohivyo wageni waliokuja nyuma yangu.

Asubuhi ile redio iliita mapema, chai ikiwa bado mkononi. Ilikuwa sauti ya mtu wa redio wa doria, kijana wa Soroti niliyemjua kwa sauti tu. Walikuwa wamevamiwa jana yake. Alisoma namba za majeruhi wawili, kisha namba ya mmoja aliyeanguka. Kabla hajamaliza tarakimu nilishajua inaishia na tatu. Niliandika. Akasema hawakuwa na gari la kumbeba, joto lilikuwa kali, wamemzika palepale, na sasa anatoa mahali. Akasoma vipimo. Kisha akasema “kusini”, na kama sheria ya redio inavyotaka, akarudia, “kusini.”

Nilisikia. Miaka mingi nimejaribu kujidanganya kwamba kulikuwa na kelele hewani, lakini hewa ilikuwa safi. Nilidhani anamaanisha kusini ya kambi yao. Sikujua kwamba platuni ya mdogo wangu iliazimwa kwa siku mbili tu kwenda kulinda nyanda za chini. Kichwani mwangu yeye alikuwa mlimani, na mlima wote ulikuwa kaskazini. Nikaandika tarakimu, zikakaa kwenye visanduku vyake, na neno lile halikuwa na kisanduku.

Mwandiko haukuharibika. Afande alisoma ile fomu akiwa amesimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, akasema, “Umeandika vizuri. Pole sana.” Siku ile, katika uchungu wote ule, kuna sehemu ya moyo wangu iliyofurahi kusifiwa. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Batalioni ilihamishwa, watu wakatawanyika, kijana wa Soroti naye nikasikia alikufa nchi ya watu. Mama aliomba mwanawe arudishwe nyumbani. Aliomba kwa miaka. Alikwenda ofisi ile, akatumwa ofisi nyingine, akaambiwa alete barua, akaleta, akaambiwa barua ni ya zamani. Mwisho walimpa ruhusa na nakala ya karatasi yenye vipimo. Nilipoiona niliutambua mwandiko. Mama aliutambua pia. Akaipapasa, akasema, “Hii ni wewe,” na sauti yake ilikuwa ya furaha.

Tulikwenda wajomba watatu, mama na mimi. Mimi ndiye niliyeshika kifaa cha GPS, nimekiwekea kaskazini bila kuwaza, nikiwa mbele kama kiongozi wa msafara. Vipimo vilitupandisha milima ya juu ya Kisinga mpaka kwenye shamba la kahawa la mama mmoja mjane. Yule mama alishangaa. Alisema ameishi pale tangu aolewe, vita vyote vimemkuta pale, na hakuna askari aliyezikwa shambani mwake. Alisema polepole, kwa heshima. Nami nilimjibu kwamba vipimo havisemi uongo, na kwamba ni mimi mwenyewe niliyeviandika.

Tulichimba mashimo matatu katikati ya mibuni yake. Mizizi tuliikata kwa panga. Yeye alikaa kwenye jiwe, hakupiga kelele, alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kitenge tu. Hatukupata mfupa, hatukupata kifungo cha shati. Wajomba wakasema udongo wa mlima una asidi, umemla. Niliitikia kwa kichwa, mimi mtu wa vipimo.

Kwa watu wa kabila la mama kuna njia ya kumzika mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Hukatwa mgomba wenye urefu wake, ukavikwa shuka, ukalazwa kaburini, watu wakalia kama kawaida. Tulichukua udongo wa lile shamba kwenye kitambaa cheupe, tukaufunga pamoja na mgomba, tukauzika nyuma ya nyumba ya mama. Nilimpimia ule mgomba urefu kwa kulala mimi mwenyewe chini, kwa sababu tulilingana. Msalaba niliuandika mimi kwa rangi nyeusi, jina lake, cheo chake na ile namba inayoishia na tatu. Watu walisifu mwandiko. Padri mwenyewe aliusifu.

Na mama akapona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Alianza tena kula, kwenda sokoni, hata kugombana na majirani. Kila asubuhi alipita kwanza pale kaburini, akang'oa nyasi mbili tatu, akampa mwanawe habari za kuku. Pembeni aliweka mawe mawili kuonyesha mahali pake mwenyewe.

Nilipomaliza jeshi nilifungua kibanda Bwera, kwenye barabara inayokwenda mpakani. Natengeneza simu, redio, betri za sola, chochote chenye waya. Wateja wengi ni Wakongomani wanaovuka kuja sokoni. Ni pale nilipokutana na setilaiti moja.

Nilikuwa najaribu redio moja kuukuu, antena nimeiunga kwa vyuma vya mwavuli ulioharibika. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Nikasikia filimbi. Ilianza juu, nyembamba, ikashuka taratibu, kisha ikashuka haraka, kisha taratibu tena, ikapotea. Kama dakika kumi na tano hivi. Kesho yake ikarudi kwa saa tofauti kidogo. Nilitafuta kwenye mtandao nikawakuta watu wa nchi za mbali ambao kazi yao ni kusikiliza vyuma vilivyosahauliwa. Wao ndio walionitambulisha. Ni setilaiti ya jeshi la nchi moja kubwa, ilirushwa zamani sana kuzionyesha meli za vita njia baharini. Ilistaafishwa mapema, zikaja mpya zilizo bora. Betri yake ilikufa. Lakini paneli zake za jua bado nzima, na kila ikitoka kwenye kivuli cha dunia jua likaipiga, inaamka na kuanza kutoa ripoti yake upya. Hakuna anayeipokea. Ikiingia kivulini inanyamaza, ikitoka inaanza tena mwanzo, kama ndiyo siku yake ya kwanza kazini.

Nilimpenda yule mzee wa angani. Niliandika saa zake kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, na akichelewa nilikuwa nakasirika. Siku moja mama mmoja wa ng'ambo, mwuza vitenge, alikuwa amekaa akisubiri simu yake.

“Fundi, hii kitu iko inalia nini?”

“Ni setilaiti, mama. Ya jeshi. Ilishastaafu.”

“Ilistaafu, na iko inasema tu?”

“Haijui kama walishaitoa kazi.”

“Basi ni kama bwana yangu,” akasema. “Balimutosha kwa kazi, lakini kila asubuhi anavaa boti ya kazi.”

Nilicheka mpaka nikaweka bisibisi chini. Nilikuwa mtu wa kuchekacheka wakati huo.

Kisha nikataka kujaribu kile walichokuwa wakifanya mabaharia. Ile filimbi inashuka kwa sababu ya mwendo, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyobadilika likikupita. Ukiandika wakati inaposhuka haraka zaidi, unajua ni lini ilikuwa sambamba nawe. Ukiangalia imeshuka kwa ukali gani, unajua ilikuwa umbali gani. Ndivyo meli ilivyojua iko wapi. Nilirekodi kwa simu, nikajaza namba, nikapata programu ya bure ya kukokotoa, nikahangaika nayo karibu mwezi mzima. Siku ilipokubali ilinipa majibu mawili. La kwanza lilikuwa Bwera, karibu kabisa na kibanda changu. La pili lilikuwa mbali, ndani ya misitu ya Kongo, upande wa pili wa njia ya setilaiti.

Nilidhani nimekosea. Nikasoma maelezo. Yalisema hakuna kosa, filimbi inaeleza umbali tu, haielezi kama uko kulia au kushoto. Upande lazima mtu autaje mwenyewe. Chini kulikuwa na kisanduku kitupu kinachosubiri nichague upande.

Nilikiangalia kile kisanduku. Mteja aliniita mara mbili nikiwa sisikii. Kichwani nilikuwa nasikia sauti ya kijana wa Soroti ikisema kusini, na ikirudia kusini.

Ile nakala ya vipimo nilikuwa nayo kwenye kopo la biskuti. Niliitoa, nikaiingiza kwenye ramani ya simu, nikaweka upande wa kusini. Alama ikaruka kutoka milimani, ikavuka mstari, ikatua kwenye nyasi za mbuga, si mbali na barabara ya Katwe. Nyanda za chini. Mahali penye joto kali, ambapo mtu asiye na gari anamzika mwenzake palepale. Nilijua papo hapo, bila shaka yoyote, kama unavyojua umejikata kabla damu haijatoka.

Sikumwambia mama. Wiki ya kwanza nilijiambia nahakikisha. Wiki ya pili nilijiambia barabara ina matope. Nilipanda Kisinga kumwomba radhi yule mama wa kahawa, akanitazama kupitia dirisha na hakufungua mlango. Nilikuwa nimemkatia mibuni kwa ajili ya uongo niliouandika mwenyewe, halafu nikamfundisha ukweli juu ya shamba lake. Nisingefungua pia. Mzee wa angani aliendelea kupita na filimbi yake, mimi nikaizima redio.

Mama ndiye aliyenimaliza. Miguu yake ilikuwa imevimba, daktari wa Kasese akamwambia moyo umechoka. Akaniita Maliba. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka karibu na kaburi, ana karatasi na kalamu amevitayarisha.

“Andika,” aliniambia. “Bajomba bako banaanza kusema habari ya kunizika kwa kaburi ya mama yetu. Mimi sitaki. Andika mwandiko ya muzuri, baone. Mutaniweka hapa, kwa hii mawe, karibu na mutoto yangu.”

Nilishika kalamu. Niliandika tarehe. Nikaandika jina lake. Mkono ulioandika vizuri asubuhi ile kambini ukakataa.

“Mbona hauandike?”

“Mama, hayuko hapa.”

“Nani hayuko?”

“Mutoto yako. Tulichimba mahali si yake. Yeye iko chini, kwa mbuga, upande wa Katwe. Mimi ndiye nilikosa kuandika upande.”

Nilimweleza yote, ikweta, fomu, kijana wa Soroti, ile programu. Alinisikiliza akiangalia msalaba, haniangalii mimi. Kuku alikuja akadonoa karibu na mguu wake na hakumfukuza.

“Ile sauti ilisema upande?” aliuliza mwishowe.

“Ilisema.”

“Mara ngapi?”

“Mara mbili.”

“Na ulisikia.”

“Nilisikia, Mama. Fomu haikuwa na nafasi.”

Aliichukua ile karatasi kutoka mapajani mwangu, akaigeuza upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akaigeuza tena.

“Karatasi mzima,” alisema, “ikakosa nafasi ya neno moja.”

Niliifunika kalamu, nikaiweka kwenye mkeka.

Kesho yake alitaka apelekwe. Nilikodi gari la jirani, tukamlaza kiti cha nyuma na mito. Tulipozivuka zile duara za saruji kulikuwa na wazungu wanapiga picha, mguu mmoja huku na mmoja huku, wakicheka. Mama aliwaangalia mpaka wakaachwa nyuma. Tuliingia barabara ya Katwe, nikafuata simu, na mahali alama ilipokuwa karibu zaidi na lami nikamwambia dereva asimame. Ilibaki kama kilomita moja kuingia ndani. Nyasi, miti ya miiba, swala wamesimama.

Hatukumaliza dakika tano, askari wa wanyama akaja na pikipiki, bunduki mgongoni. Aliona mama, akashuka, akavua kofia.

“Mzee, hapa hairuhusiwi kusimama. Tembo iko karibu.”

“Afande, mdogo wangu amezikwa pale ndani,” nilimwambia. “Aliuawa wakati wa vita. Huyu ni mama yake.”

Aliangalia nyasi, akaniangalia. Alikuwa mtu mwema na hilo lilifanya jambo kuwa gumu zaidi. Alisema kuchimba ndani ya mbuga kunataka barua ya jeshi na barua ya makao makuu ya mbuga, na hata kukanyaga ndani hawezi kuturuhusu. Alisema nyasi huchomwa moto mara kwa mara, mito midogo huhama, nyati hulala popote.

“Iko alama? Jiwe, ama nini?”

“Iko vipimo tu,” nilisema.

“Vipimo ni ya uhakika?”

Mama alinigeukia kusikia nitajibu nini. Yule askari akasema tunaweza kukaa kidogo, yeye atasimama nasi kwa ajili ya tembo, na akasogea pembeni na bunduki yake akatupa mgongo.

Nilimsaidia mama kushuka. Alisimama ameshika mlango wa gari. Akaniuliza wapi hasa, nikanyoosha mkono, nikauona mkono wangu unavyozurura juu ya nyasi ambazo zote zinafanana, nikaushusha. Akamwita mwanawe. Alimwita kwa jina la utotoni, lile la kuitia mtoto chakula, si la msalabani. Aliita mara tatu, akiacha nafasi ya kujibiwa kila mara. Swala waliinua vichwa. Mimi nililia, na sikujaribu kujificha.

Alipochoka aliketi kwenye kiti cha gari, miguu nje. Akauliza kuhusu setilaiti. Kule Maliba nilidhani hakuisikia sehemu ile.

“Ile chuma yako ya juu. Yenyewe inajua mutoto iko wapi?”

“Haijui, Mama. Yenyewe inalia tu. Upande, mutu ya chini ndiye anasema.”

“Basi yenyewe haina makosa.”

Nilijitolea kuchukua udongo wa kando ya barabara, japo kiganja kimoja, twende nao nyumbani. Akakataa. Alisema ameshazika udongo wa watu mara moja, inatosha.

Nyumbani nilimuuliza kama nianze kutafuta hizo barua. Akasema nitafute, lakini alisema kama mtu anayemwambia mgeni akaribie tena. Alijua ofisi zile kuliko mimi. Kuhusu ule mgomba nilidhani ataamuru tuufukue. Hakuamuru. Asubuhi iliyofuata nilimwona anaburuta miguu kwenda pale, akainama, akang'oa nyasi. Hakutoa habari za kuku. Aling'oa tu.

“Mutaniweka hapahapa,” aliniambia bila kugeuka. “Huyu nilishamuzoea. Hata kama ni mugomba, mimi ndiye nilimukalia miaka hii yote.”

“Sawa, Mama. Nitaandika.”

“Hapana. Wewe usiandike.” Akasimama kwa taabu, akapangusa mikono kwenye gauni. “Hata musalaba yangu, mutu mwingine aandike.”

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata pa kushika. Tuliendelea vizuri baada ya hapo, nilikwenda kila Jumapili na sukari na dawa, alikula, aliniuliza habari za Bwera. Neno lile hakulirudia wala hakulifuta.

Alikufa msimu wa mvua uliopita. Barua zangu mbili ziko ofisi fulani, ya tatu wameniambia nilete nyingine kwa sababu ile ni ya zamani. Setilaiti nimeacha kuisikiliza. Najua inapita, saa zake nazijua kwa kichwa, na jua likiipiga inasema yote iliyo nayo tangu mwanzo. Ile redio ya mwavuli nilimpa mama wa vitenge, akasikilize muziki.

Siku ya kumzika, wajomba waliniletea ubao wa msalaba, rangi nyeusi na brashi, kama jambo lililo wazi. Watu walikuwa wamezunguka wakingoja kuona mwandiko. Niliwaambia mama alisema aandike mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza kwa nini, au labda wote walikuwa wanajua. Mwalimu wa shule ya msingi, dada mmoja mwenye mkono mzito, alipiga magoti na kuanza. Herufi zake zilipanda na kushuka, na moja aliikosea akaifuta kwa kidole. Mimi nilimshikia kopo la rangi.